Bega la Royce

"Royce, hivyo vyuma ni vya nani?"

"Vya pikapu."

"Kwani mimi kipofu? Nauliza, nani atavikanyaga?"

Royce akajisogeza ndani zaidi. Alikuwa amelala chali chini ya gari, mbele ya gereji ya nyumbani kwao mjini Lubbock, buti tu zikionekana. Darla alikuwa amemletea glasi ya chai ya barafu. Akaanza kuinywa mwenyewe, kwa hasira.

Pikapu ile ilikuwa imefungwa magurudumu makubwa, ikawa juu mno, na Darla ni mfupi. Tangu enzi za uchumba, Royce alikuwa akimshika kiuno, anampandisha kwenye kiti, na papo hapo anaiba busu. Wenzake wakimwambia aweke vikanyagio vya pembeni, aliwacheka: "Vya nini, na mikono ninayo?" Lakini tangu Pasaka hajamnyanyua hata mara moja. Mara pikapu chafu, mara twende na gari lako, na leo kaja na vikanyagio.

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Darla. Dada yake, Lavonne.

"Mbane leo leo! Ukimwachia atakuzungusha mpaka Krismasi."

Darla akaenda mpaka barazani, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Moyo ulikataa kutulia.

"Sema basi kama umenichoka!"

"Darla, jamani, niache nimalize."

"Umalize nini? Kunishika kiuno kumekuwa kazi ngumu hivyo, mpaka uninunulie chuma?"

"Si hivyo."

"Ni vipi sasa?"

Puu! Chuma kikamponyoka Royce, kikagonga saruji, naye akapiga ukelele. Darla akatupa glasi kwenye nyasi, akapiga magoti na kuchungulia. Mumewe alikuwa anahangaika kukiinua kile chuma kwa goti na mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala tu kifuani.

"Mungu wangu! Huo mkono una nini?"

Royce akageuza uso.

"Royce!"

"Bega limechanika. Siku ile napakia marobota ya nyasi kavu. Daktari anataka kunipasua, na amesema hata nikipona, kubeba mtu nisahau." Akaukazia macho ule mkono. "Ningeanzaje kukwambia, Darla? Nikishindwa kukunyanyua, nimebaki na nini?"

Machozi yakamtoka Darla. Kisha akampiga kofi la paja.

"Mjinga wewe! Mimi silali nikidhani una mwanamke, kumbe una bega! Sogea huko."

"Utachafua gauni."

"Sogea, nimesema!"

Akajilaza kando yake kwenye saruji, akakibeba chuma kwa mikono miwili huku Royce akikaza nati.

"Ngoja, nimekosea," Royce akasema. "Hiki ni cha upande wa dereva."

"Basi tukifunge hukohuko. Dereva kuanzia leo ni mimi."

Walipomaliza, Royce akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta kiuno chake, mazoea tu. Darla akautoa taratibu, akapanda kikanyagio mwenyewe, akageuka. Uso kwa uso, kimo kimoja, tangu waoane hawajawahi kutazamana hivyo.

Safari hii Darla ndiye aliyeiba busu.

"Haya, zunguka upande ule uingie," akasema. "Nakupeleka kwa huyo daktari wako."