Sauti Iliyosema "Hafai"

Kiti cha mgonjwa kilikuwa na joto. Sindano alikikalia, akainuka, akakipapasa. Lilikuwa joto la kiti kilichoachwa sasa hivi, na asubuhi ile hakuna aliyemtangulia kuingia mle.

"Kaa, dada," daktari alisema bila kuinua macho.

Sindano, mwembamba kama jina alilopewa na wenzake, alikuwa fundi cherehani katika kiwanda cha sare za shule. Juzi kifafa kilimwangusha katikati ya kazi, na msimamizi akamtuma kupimwa kama bado anafaa. Majirani walikuwa na jibu lao tayari: ana majini.

"Jini gani huyo anayetulizwa na vidonge?" Sindano huwauliza.

"Dawa unakunywa?" daktari aliuliza.

"Kila siku. Ila juzi ziliniishia, na zahanati hawakuwa nazo."

Nyuma ya pazia la kitanda cha vipimo, kitu kikavuta pumzi. Chumba kikajaa harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa kabatini.

"Hafai," sauti ikasema, taratibu, kama mtu anayetoa pole.

Kalamu ikaanza kuandika. Sindano aliona daktari akiuvuta mkono wake mwenyewe kwa mkono wa pili, na mkono haukubali.

"Na wewe umeisikia?" daktari alinong'ona. Midomo ilikuwa imemkauka. "Kila mwenye maradhi ya kudumu inamkataa. Wa sukari, wa pumu, wa presha. Nilidhani nimerukwa na akili. Yule mzee mpiga pasi wa kiwandani kwenu, mwenye pumu, kazi alikuwa anaiweza kabisa. Nikamrudisha nyumbani."

"Mzee wetu hatoki kitandani siku hizi," Sindano alisema polepole. "Anasema kuna mtu anamkalia miguuni."

Pazia likasogea bila upepo, na kilichokuwa nyuma yake kikaanza kutoka, kirefu, kikiinama ili kichwa kisiguse dari, hakina uso ila kina mdomo, nao mdomo ukamjia Sindano karibu na sikio ukimbembeleza aende nyumbani akalale, kwani ataanguka tena, ataaibika, watu watamcheka, heri alale, alale tu, nacho kitakuja kukaa naye.

Ulimini akahisi ladha ya chuma. Aliijua tangu utotoni, ndiyo humtangulia kuanguka, na alijua hana muda.

"Nimeanguka sokoni!" akapaza sauti. "Nimeanguka harusini kwangu, na shela kichwani! Na nikainuka! Daktari, niulize kazi yangu, usiniulize ugonjwa peke y—"

Giza.

Alipozinduka alikuwa amelazwa ubavu, koti jeupe chini ya kichwa. Daktari alikuwa amepiga magoti kati yake na kile kitu, amekipa mgongo.

"Huyu mgonjwa wangu," alikuwa akisema kwa sauti. "Sijamaliza naye. Ondoka!"

Kisha akamwinamia Sindano. "Haya, dada. Nieleze kazi yako. Unakaa wapi, unashika nini, nani yuko karibu?"

Sindano akaeleza, ulimi ukiwa bado mzito. Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Mashine ya kukata vitambaa, asiiguse. Kushona, ashone. Jirani yake wa kazini afundishwe la kufanya akianguka, na dawa zisikatike tena.

"Anafaa," daktari akasema, akaandika kwa mkono uliotulia.

Kile kitu kikarudi nyuma ya pazia. Pazia likakoroma, likaanguka chini na vyuma vyake. Nyuma yake palikuwa na kitanda tu.

Jioni ile walikwenda wote wawili kwa mzee mpiga pasi. Walimkuta amelala, macho darini.

"Mzee, nilikosea," daktari alisema. "Njoo nikupime upya sasa hivi."

"Siwezi, mwanangu. Limenikalia."

"Basi na lenyewe lije," Sindano akasema, akimsogezea viatu. "Litatukuta wengi kwenye foleni."

Mzee akacheka, akakohoa, akacheka tena. Akavaa viatu. Aliposimama, chemchemi za kitanda zikalia mara mbili: mara ya kwanza yeye alipoinuka, mara ya pili hapakuwa na mtu aliyeinuka.

Sindano akamshika mkono. "Twende, mzee. Usigeuke."

Wakatoka nje, mzee katikati.