Goli Alilolimeza

Gauni la njano lilikuwa zuri, tatizo lilikuwa mahali. Kwenye jukwaa la watu waliovaa buluu, siku ambayo wapinzani wao ndio wanaovaa njano, mwanamke mmoja alikuwa anapanda ngazi akitafuta kiti chake. Watu wakamzomea, naye akadhani anazomewa mtu wa nyuma yake. Alikuwa mgeni, fundi wa mashine za eksirei, ametumwa na kampuni yake kutoka nchi nyingine kuja kufunga mashine mpya katika hospitali ya mji ule. Jumamosi hiyo alikuwa amechoka kutazama kuta za hoteli, basi akaamua aende kutazama mpira.

Aliyemwokoa alikuwa kinyozi, mwanamume mrefu, ndevu zake zimechongwa vizuri mpaka zinamtafutia wateja. Alivua jaketi lake la buluu, akamvisha mabegani bila kuomba ruhusa, akawaambia wenzake wanyamaze, huyu ni wake.

"Funga zipu mpaka shingoni," akamwambia. "Halafu tukipata goli, piga kelele kunishinda mimi. Watakusamehe."

Goli likapatikana, akapiga kelele, wakamsamehe. Kabla ya filimbi ya mwisho alikuwa ameshajua nyimbo mbili, na kinyozi ameshapata namba yake ya simu.

Kosa fundi alilifanya siku hiyohiyo. Kinyozi alimuuliza kwao anashabikia timu gani. Na huyu mwanamke ni shabiki kindakindaki, amekulia kati ya kaka wanne, kavishwa jezi nyekundu kabla hajajua kutembea. Lakini alijibu kwamba mpira haufuatilii. Aliona watu wamempokea vizuri, kwa nini awaletee habari za timu nyingine? Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Hawakusema ulifumbe mpaka lini.

Miezi ikaenda. Kinyozi akamfundisha ofsaidi kwa kupanga chupa za soda mezani, na mtu aliyeijua ofsaidi tangu darasa la pili akawa anaitikia kwa kichwa, eti ndiyo kwanza anaelewa. Alimpenda, hilo halina mjadala. Alipenda anavyompigia simu mchana ili tu amwambie kwamba hana la kumwambia. Kwa hiyo alikubali kila kitu: wale wapi, watazame filamu gani, wamtembelee nani. Rafiki zake kinyozi wakaanza kumwita shemeji. Mkataba wake ulipokaribia kwisha, kinyozi akamwomba waoane, yeye abaki palepale, hospitali impe kazi ya kudumu.

"Ndiyo," akasema, haraka kama kawaida yake.

Wiki hiyo droo ya mashindano ya vilabu ikatoka. Timu ya kwao ilikuwa inakuja kucheza na timu ya kinyozi.

Angeweza kusema. Kaka yake mkubwa alimpigia simu kumwonya asithubutu kukaa upande wa wenyeji, naye fundi akamdanganya kwamba siku hiyo atakuwa kazini. Wala kinyozi fundi hakumwambia kwamba hiyo ndiyo timu yake. Siku ikafika, akakaa kwenye jukwaa la buluu na jezi ya buluu, wameshikana mikono. Mechi ikielekea ukingoni, timu hazijafungana, kiungo wa kwao akaachia shuti kutoka mbali na wavu ukatikisika. Jukwaa zima likawa kimya. Yeye naye kimya. Alibana meno, akainamisha kichwa, machozi yakamdondokea mapajani.

Kinyozi hakuwa anatazama uwanja tena. Vidole vyake vilikuwa vinauma kwa jinsi vilivyobanwa.

"Ni timu yako," akasema.

"Tangu utotoni."

Wakatoka mpaka nje ya geti. Hapo kinyozi akamweleza, kwa sauti ya chini, kwamba timu yake haimuudhi hata kidogo. Wangetaniana wiki nzima, na yeye angefurahi kupata mtu wa kubishana naye nyumbani.

"Lakini umelia kwa furaha ukiwa kando yangu, ukanificha. Mimi ni mtu wa kuogopwa hivyo?"

Kinyozi akarudi nyuma hatua moja.

"Na ile ndiyo uliyonipa nilipokuomba tuoane, nayo ni ya namna hii?"

Akaondoka zake. Simu akawa hapokei. Fundi alikabidhi mashine hospitalini, wakubwa wakampongeza, lakini mwenyewe alikuwa hali, halali. Lililomtesa zaidi si hasira ya kinyozi. Ni kwamba lile swali alilijua jibu lake: ile ndiyo ilikuwa nusu ya kweli, nusu ya uongo.

Jumamosi akaenda saluni mchana kweupe, imejaa watu wa buluu, yeye kavaa jezi nyekundu. Wakaguna. Mmoja akasema shemeji katugeuka. Kinyozi alikuwa ananyoa mteja, upande mmoja umekwisha, mwingine bado. Hakugeuka, alimtazama kwenye kioo.

"Ndiyo ya kuolewa ni ya kweli," fundi akasema mbele ya wote. "Ya kubaki hapa nilikudanganya. Nakupenda, lakini hapa siwezi kukaa. Nataka kurudi nyumbani, kwa kaka zangu na kazi yangu. Nilikuwa naogopa kwamba nikikukatalia kitu kimoja tu, utaniacha. Na hilo shati lako la maua ni baya, silipendi."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi akazima mashine ya kunyolea. Mteja akauliza kichwa chake kinamaliziwa lini, wakampuuza.

Kinyozi akageuka sasa, akamtazama yeye mwenyewe, akamtazama sana.

"Huko kwenu," akauliza polepole, "nywele zinaota?"

"Zinaota," akasema, na machozi yakaanza kumtoka, wala hakuinamisha kichwa. "Zinaota sana."