Siku ya Miaka ya Sabini

Akina mama wa jumuiya walipoingia uani kwa sala ya jioni, walimkuta Remigius akicheza dansi na mgomba.

Alikuwa ameukumbatia kiuno, macho kafumba, panga la kukatia majani ya ng'ombe kalitupa pembeni. Suruali yake, iliyoshonwa kabla kitambi hakijajitegemea, ilikuwa imeshuka mpaka pale ambapo hata daktari huomba ruhusa kwanza. Mtu wa miaka hamsini na ushee, aliyeendesha malori hadi Lusaka na Lubumbashi bila kuumbuka, akaja kuumbukia kwao Kibosho. Akina mama walisali haraka kuliko kawaida yao, wakaondoka wameziba midomo kwa khanga.

Siku nyingine angecheka nao. Leo hakuweza. Tangu kiharusi cha wakati wa Pasaka, mama yake, Margareta, hakuwa ametamka neno. Muuguzi mmoja wa mjini Moshi alishauri wampigie nyimbo za ujana wake, huenda zikamwamsha. Basi tangu alfajiri Remigius alipiga muziki wa dansi wa miaka ya sabini tu, hata taarifa ya habari aliipiga marufuku. Redio kaseti ya marehemu baba yake, Basili, aliiweka juu ya kaburi la mzee huyo, hapo hapo kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kati ya migomba, maana marumaru zake zilikuwa tambarare na mama aliiona vizuri kutoka barazani. Dada yake, Salvina, alimwonya kwamba baba hakupenda vitu vyake viguswe. Remigius akajibu kwamba mzee ana miaka tisa pale na hajalalamika.

Siku nzima, mama kimya. Alimtania, akamwimbia, akamchezea hadi na mgomba, akamwuliza yeye ni nani. Macho ya mama yalimpita kama yanavyoipita nguzo ya umeme. Kanda zikakatika, akaziunga kwa gundi ya karatasi, akazirudisha kwa kalamu huku akisonya. Jua lilipozama, akaishiwa subira.

Akazima redio.

Muziki ukaendelea.

Akabonyeza tena. Akafungua nyuma, akatoa betri zote. Gitaa likalia... karibu zaidi. Harufu ya pombe ya mbege na tumbaku ikapanda kutoka kwenye marumaru. Kisha, huko kwenye migomba, mtu akaanza kuburuta mguu kwa kufuata mdundo. Anaburuta... anatulia. Anaburuta... anatulia. Ndivyo alivyocheza Basili tangu mguu wake wa kushoto uvunjike na kuunga vibaya.

Barazani, mama akacheka.

"Subiri, Basili," alisema, kwa sauti ya msichana. "Nafunga kitenge, nakuja."

Neno alilolisubiri Remigius siku nzima, na hakuambiwa yeye.

Mama akasimama. Yeye ambaye hunyanyuliwa na watu wawili.

Salvina akamdaka mama mkono. "Kaka, baba anamchukua," aliita. "Fanya kitu."

Remigius akakimbilia uzio wa masale mpakani, akachuma jani moja, akalipiga fundo. Kwa Wachagga, anayeletewa isale kuombwa radhi hasemi hapana, hata awe na kinyongo cha namna gani. Akalilaza juu ya kaburi, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Nisamehe. Mwache mama."

Gitaa likakatika. Ule mguu ulikuwa umefika nyuma yake, karibu kabisa na kisigino chake. Mtu akashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyefungwa mikono... halafu ikabaki migomba tu.

Salvina alikuwa amemketisha mama. Mashavu ya mama yalikuwa yamelowa machozi. Remigius akarudi barazani, akamshika viganja: kimoja kilikuwa cha moto, na kingine, kile kilichokuwa kimenyooshwa kuelekea kihambani, cha baridi kama marumaru.

"Mama," alisema taratibu, "unanijua?"

Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, Margareta akamtazama usoni.

"Nakujua. Wewe ndiye uliyemfukuza baba yako. Kesho akija, usiguse redio."