Fomu ya Odero Chini ya Godoro

Ajwang alikosea mshono, akaufumua. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Jumamosi mtu angekuja kuinunua cherehani yake, na tangu aseme ndiyo, akili yake haikuwa kwenye kazi.

Ilikuwa Novemba 1973, kule Waithaka. Mwanawe Odero alikuwa na digrii ya fizikia, naye alifundisha sekondari. Alitamani kusomea digrii ya pili ng'ambo. Chuo kimoja cha Kanada kilimtumia fomu, lakini tangu Septemba ilikaa chini ya godoro.

"Tupate karo kwanza," Ajwang alisema. "Ndipo uitume."

"Na ukiuza cherehani utakula nini, mama?"

"Usinihesabie chakula."

Jioni Virginia, mwenye nyumba wao, aliwaletea maziwa. Alikuwa karani wa chuo kikuu huko mjini. Alimkuta Odero akizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mwalimu, utatoboa sakafu, na saruji ni yangu," alisema. "Kuna nini?"

Odero alimweleza, akamtolea karatasi zake. Virginia alizisoma polepole. Kulikuwa na barua mbili za kumsifu Odero, moja ya kasisi, nyingine ya chifu.

"Kasisi anasema hunywi pombe. Vizuri. Lakini amewahi kukuona maabara?"

"Hapana."

"Na chifu?"

"Chifu ameniona nikilipa kodi."

Virginia akacheka. "Hizi ni za kuombea kazi hapa kwetu. Waombe walimu wawili waliokufundisha fizikia. Waandike barua za jinsi walivyokuona ukifanya kazi, kisha wazitume wenyewe. Alama zako nazo zitumwe na ofisi ya chuo chako."

"Na karo?" Ajwang aliuliza.

"Mama Odero, keti. Ona ukurasa huu. Wanauliza kama anahitaji msaada wa fedha. Hapa hamkujaza kitu."

"Tuliogopa wataona tunaombaomba."

"Hapana, mama. Wanauliza ili wajue. Vyuo vingi huwapa wanafunzi wa fizikia kazi ya maabara, au ya kuwafundisha wanaoanza, na huwalipa. Si wote wanaopata, kwa hiyo aandikie vyuo vitatu. Lakini mwisho wa kupokea maombi ni katikati ya Januari, na barua huchukua wiki mbili njiani."

"Basi cherehani nisiuze?"

"Usiuze. Akipata nafasi, nauli tutamchangia."

Jumamosi yule mnunuzi alikunywa chai, akaenda zake mikono mitupu. Kufikia mwisho wa Desemba, fomu za vyuo vitatu na barua zote zilikuwa zimetumwa.

Kungoja kulikuwa kugumu. Kila gari la posta lilipopita, Ajwang alisimama mlangoni. Chuo cha kwanza kilikataa. Cha pili kilimkubali Odero bila msaada wowote. Aprili ikaja barua ya tatu. Chuo kilimpa nafasi, kikamsamehe karo, na kingemlipa kwa kusaidia maabara. Majirani na watu wa kanisa wakachanga nauli, naye akasafiri Agosti.

Mwezi uliofuata, mteja aitwaye Caren alikuja kupimwa gauni. Alisema binti yake amemaliza digrii ya hesabu na anataka kuendelea ng'ambo.

"Tunauza kipande cha shamba," Caren alisema. "Baba yake anatafuta mnunuzi."

"Fomu ameshatuma?"

"Bado. Tunangoja karo."

Ajwang akaweka futi mezani.

"Gauni litangoja," alisema. "Kamwite huyo msichana, aje na fomu yake."