Taa Inawaka Kijani

Walikutana kwenye dirisha la usajili la hospitali, saa nne asubuhi, wagonjwa wamejaa mpaka mlangoni. Mfumo wa kompyuta ulikuwa umezimika. Fundi wa seva, dada mwenye kilemba cha njano na haraka zake, alipenya katikati ya watu akamkanyaga mgeni mrefu mwenye shati lililopigwa pasi nusu.

"Samahani, kaka."

"Usijali, mguu mwingine ninao."

Kumbe ndiye mtunza kanzidata, ghala la kumbukumbu za kompyuta, wa mji wa mbali. Kumbukumbu za wagonjwa alizitunza yeye huko, na alikuja kuangalia kwa nini hazifiki.

Siku mbili walifanya kazi bega kwa bega. Walifunga seva mbili pacha, moja ikianguka nyingine inashika zamu, na zote zinaiuliza kanzidata ya mbali kila sekunde kumi: upo? Ikijibu nipo, taa ya kijani inawaka. Mtunza alishauri swali liwe refu kidogo, liombe walau jina la mgonjwa mmoja.

"Unapenda kujichosha, wewe," fundi alimcheka.

Mwanamume akaliacha swali fupi, maana alishapenda, na aliyependa hana ubishi.

Aliporudi kwao, mapenzi yakahamia kwenye simu. Miezi minane. Fundi alipiga kila mchana, simu kaibana begani, vidole viko kwenye kibodi.

"Upo, mpenzi?"

"Nipo."

"Mama naye?"

"Yupo."

"Haya, baadaye basi."

Majibu yakazidi kupoa. Wivu nao haubishi hodi.

"Kama umepata mwingine, sema nijue."

"Sina mwingine."

"Basi acha kuninunia."

Akakata simu. Wiki nzima hakupiga, na wiki nzima hakulala vizuri.

Jumatano dirisha likajaa tena. Kumbukumbu hazifunguki, na taa inawaka kijani. Fundi, jasho likimtoka, akaiuliza kanzidata mwenyewe kwa mkono: nipe jina la mgonjwa mmoja tu. Hakikuja kitu. Diski ya kule ilikuwa imejaa pomoni. Inajibu nipo, na haiwezi lolote. Akapiga ofisi ya kule.

"Mtunza yuko wapi, jamani? Diski imejaa."

"Dada, ina maana hujui? Jana alimzika mama yake. Ngoja niisafishe mimi."

Fundi aliitazama taa ya kijani. Miezi minane alikuwa akimuuliza mtu wake swali lile lile la mashine. Alitaka kupiga simu, akaona aibu. Kumbukumbu zilipoanza kufunguka, akaenda kupanda basi na nguo zake za kazini.

Alimkuta kesho yake alasiri kwenye mkeka barazani, ndevu zimemjaa.

"Nisamehe, mpenzi."

Hakumtazama.

"Ukitaka niondoke, nitaondoka. Ila kwanza niambie mama aliugua nini. Niambie tangu mwanzo, sina haraka."

 Mwanamume akaanza, polepole: uvimbe wa tumboni, dawa zilizokataa, uji aliomnywesha kwa kijiko.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila nikifungua mdomo, ulikuwa umeshakata." Akajifuta uso kwa kiganja. "Siku ya mwisho aliuliza, mkwe wangu anakuja lini?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamdanganya kwamba uko njiani."

Fundi alivua viatu, akaketi naye mkekani, wakalia wote wawili.