Mfadhili wa Kesi ya Tunguu

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha dirisha. Ya pili ilimkosa Tahiya kidogo tu, ikazama kwenye ukuta wa chokaa.

Hakujibu kwa risasi. Aliyemtaka, alimtaka hai.

Ridhwan Mjaka alikuwa keshatoka kwa mlango wa nyuma wa hoteli, pale Shangani, bastola mkono mmoja, viatu mkono wa pili. Unguja nzima iliamini yuko Dubai. Alikuwa mkurugenzi wa Kampuni ya Mwani Neema. Aliifilisi akatoroka, na wanawake wa Jambiani waliokuwa wakiiuzia mwani wakabaki wanadai jasho lao.

Tahiya, jasusi wa idara ya siri, alirukia Vespa yake.

"Bi Mwatum, nnamfuata," alisema kwenye kipaza sauti kilichofichwa ndani ya mtandio.

Mkuu wake alijibu palepale. "Jaji anaingia saa nne. Akishauidhinisha ule mkataba, tumekwisha."

"Nnajua."

Asubuhi ile kinasa sauti alichokibandika chini ya meza ya chai pale hotelini kilikuwa kimemletea sauti mbili. Moja ya Dorval, Mzungu aliyejitolea kumlipia mfilisi, mtu aliyewekwa na mahakama kukusanya mali ya kampuni, gharama za kumshtaki Ridhwan. Ya pili ya Ridhwan mwenyewe.

Walikuwa wakicheka.

Kwa maneno yao wenyewe, fedha za Dorval zilikuwa za Ridhwan. Jaji akiupitisha mkataba ule wa ufadhili, Ridhwan, kwa kuwa ndiye mlipaji, angeishika kesi ya kumshtaki yeye mwenyewe. Kisha ingefuata suluhu ya madeni: wadai walipwe shilingi kumi kwa kila mia, wasidai tena maisha. Na gati ya kampuni kule Kizimkazi ingekwenda kwa Dorval. Idara ilijua kitakachoshushwa pale.

Heroini.

Kwenye soko la samaki la Darajani, Ridhwan aliteleza. Tahiya aliitupa Vespa, akaruka meza ya pweza, akamshindilia kiwiko chini ya sikio. Bastola ikaangukia kwenye ndoo ya maji.

"Simama, bwana. Mahakama inakungoja."

Toyota Prado ilifunga breki barabarani. Tahiya alimsukumia Ridhwan ndani. Mudrik, dereva wa idara, alikanyaga mafuta.

Fuoni, Noah nyeusi iliwaziba njia. Watu wawili wakashuka na bunduki.

"Usisimame," Tahiya alisema.

Glock yake ilitema mara tatu. Wale wawili wakarukia mtaroni. Prado ikaigonga Noah ubavuni, ikapita.

Walipoingia mahakamani Tunguu, mfilisi alikuwa amesimama mbele ya jaji. Masoud aliitwa, mtu mnyoofu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mheshimiwa, tunaomba mkataba na suluhu viidhinishwe."

"Mheshimiwa Jaji," Tahiya alisema kutoka mlangoni, "anayetakiwa kushtakiwa ni huyu. Na mfadhili wa kesi ni huyu huyu."

Akaibonyeza simu. Kicheko cha watu wawili kikajaa ukumbini.

Dorval aliinuka, akaielekea njia ya kutokea. Akamkuta Mudrik.

"Kaa, bwana. Jaji hajaondoka."

Jaji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Maombi yamekataliwa. Mkataba na suluhu, vyote."

Polisi waliwatoa Dorval na Ridhwan kwa pingu. Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake wa Jambiani walikaa kwenye mabenchi ya nyuma, mikono mapajani.

Nje, mkubwa wao, Bi Mashavu, alimsogelea Tahiya.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umemkamata mwizi, Mungu akulipe. Sasa kesi yetu anaichukua nani?"

Tahiya alimgeukia Masoud. Mfilisi aliinamisha uso.

"Mali yake iko nje, kwa majina ya watu. Kuifuata kunataka mawakili wa huko, na kampuni haina hata pesa ya mafuta ya gari yangu. Nimebisha kila mlango nikitafuta mfadhili. Aliyefungua ni Dorval peke yake."

"Na asipopatikana mwengine?" Tahiya aliuliza.

"Nitaiomba mahakama iufunge ufilisi."

"Ndiyo nini hiyo?" Bi Mashavu alisema.

"Ndiyo basi, Bi. Hakuna kitakacholipwa."

Bi Mashavu alijifunga kanga yake upya, taratibu, kama mtu anayetafuta kazi ya kuipa mikono.

"Ile kumi kwa mia tulikuwa tushaikubali. Mie nshakopa mabati, masika hayo yanaingia."

"Zile zilikuwa fedha za mwizi, Bi."

"Nnajua, mwanangu. Alituibia sisi."

Tahiya alikuwa amefundishwa kufungua kufuli, kuendesha boti bila taa, kumzimisha mtu bila kelele. Jibu la hili hakufundishwa.

Sauti ya Bi Mwatum ilimwingia sikioni. "Kazi nzuri. Rudi mjini."

"Naam."

Akashuka ngazi kwa hatua zilezile za kila kazi, si za haraka, si za polepole, mkono mmoja mfukoni. Mudrik alikwishamfungulia mlango wa gari.

Nyuma yake wanawake walisimama kwenye jua. Hakuna aliyemwita.