Komeo la Karabini ya Verlin

"Dola mia mbili na arobaini? Juzi nilikuuzia kwa sitini, Orrin."

"Juzi ulikuwa na haraka, mzee. Leo muuzaji ni mimi."

Walikuwa kwenye maonyesho ya bunduki za kale, Ohio, na aliyekuwa mbele ya meza ya Orrin, akitaka kununua tena alichomuuzia, ni rafiki yangu Verlin, mtu asiyejua kuongopa. Alikuwa amenunua karabini, bunduki fupi ya vita, kwa mjane wa askari. Komeo lake, kile kipande kinachofunga risasi ndani, lilikuwa na herufi za kiwanda kingine, na sisi wakusanyaji tuna ujinga wa kutaka vipande vyote viwe vya kiwanda kimoja. Akalichomoa, akamuuzia Orrin.

Jioni ileile umeme ulikatika. Akasikia kabatini bunduki inakokiwa, taratibu: kraa, chak. Akafungua kufuli, akapapasa gizani. Mahali pa komeo palikuwa patupu. Akatia kidole mle. Kraa, chak, na kidole hakikuguswa na kitu.

Ndiyo maana pale mezani alilipa zote mia mbili na arobaini. Orrin akadai komeo liko nyumbani, atalituma. Wiki ya tatu hii, Verlin analala ndani ya gari. Orrin, pesa umekula. Leta komeo.